Wikendi ya Milima na Bahari kwa Mwanafunzi Aliyeko Uturuki: Mwongozo Kamili wa Çıralı, Olympos na Likya Yolu

Wapo wanafunzi wetu wanaomaliza miaka minne Uturuki huku wakiijua vizuri njia ya kutoka bwenini hadi darasani, duka la BİM la jirani na ofisi ya uhamiaji, Göç İdaresi, basi. Nchi iliyobaki wanaiona kwenye picha za wenzao. Ukiwauliza sababu watakutajia pesa, na kweli posho ya mwanafunzi ni ya kuhesabu. Lakini nimeona wengi wakiwa na pesa ya kutosha wikendi moja na bado wakabaki chumbani, kwa kuwa hawajui waanzie wapi, walale wapi, na watarudi vipi kabla ya kipindi cha Jumatatu asubuhi. Ndiyo maana nimeandika safari moja tu kwa ukamilifu, badala ya kutaja sehemu kumi kwa juujuu.

Safari yenyewe ni ya Çıralı, kijiji cha ufukweni kilicho kama kilomita 80 kwa barabara kusini mwa jiji la Antalya. Hapo milima ya Toros inashuka hadi baharini. Kuna ufukwe wa zaidi ya kilomita tatu, kuna magofu ya mji wa kale wa Olympos, kuna mlima unaowaka moto usiku na mchana bila kuni, na inapita Likya Yolu, njia ya miguu ya zaidi ya kilomita 500 inayofuata pwani kati ya Fethiye na Antalya. Njia hiyo iliwekewa alama na Mwingereza aitwaye Kate Clow, ikafunguliwa mwaka 1999. Hatutaitembea yote. Tutachukua kipande cha siku moja, kile ambacho mtu mwenye afya ya kawaida na viatu vizuri anakimudu.

Mpango mzima nimeujenga kwa kurudi nyuma: kwanza basi la kukurudisha, kisha saa ya jua kuzama, kisha mengine yote. Ukishika mambo hayo mawili, safari haikushindi.

Chagua wikendi kabla ya kuchagua kitu kingine

Miezi mizuri ni Aprili na Mei, halafu mwisho wa Septemba hadi katikati ya Novemba. Julai na Agosti joto la pwani hii hupita nyuzi 35, na kutembea mlimani wakati huo ni kujitafutia hatari. Tena ni msimu wa moto wa misitu. Mwaka 2021 misitu ya mkoa wa Antalya iliungua vibaya, hasa upande wa Manavgat, na tangu hapo mamlaka hazina mzaha. Ofisi ya mkuu wa mkoa, valilik, hutoa tangazo la kuzuia watu kuingia misitu fulani wakati wa kiangazi, na wakati mwingine zuio huendelea hadi Oktoba. Kwa hiyo siku chache kabla ya safari angalia tovuti ya Antalya Valiliği, au mpigie simu mwenye nyumba ya wageni umuulize kama njia iko wazi.

Ukiniuliza mimi, nitakwambia nenda Oktoba. Bahari bado imehifadhi joto la kiangazi, kama nyuzi 25, na hapo mtu wa Tanga au Mombasa anaingia majini bila kusita. Aprili milima ni ya kijani na maua yamejaa, lakini maji huwa nyuzi 17 au 18, na aliyezoea Bahari ya Hindi atatoka mbio.

Shida ni kwamba miezi hiyo mizuri ndiyo yenye mitihani ya vize, yaani ya katikati ya muhula. Vyuo vingi huiweka Novemba na Aprili, kwa hiyo fungua kalenda ya chuo chako kwanza. Tarehe 29 Oktoba ni sikukuu ya Jamhuri, na ikiangukia Ijumaa au Jumatatu unapata siku ya tatu ya bure. Wakati wa bayram mbili za Kiislamu, yaani Idd, usiende: mabasi hujaa, bei za vyumba hupanda, na Waturuki wenyewe wote wako njiani kwenda kwao.

Kuhusu jua, nyumbani tumezoea giza kuingia karibu saa ileile mwaka mzima. Huku sivyo. Saa za Uturuki ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam, kwa kuwa tangu 2016 nchi hii haibadilishi tena saa wakati wa baridi, ila jua linakwenda kwa ratiba yake. Katikati ya Aprili huko Antalya jua huzama karibu saa moja na nusu usiku. Katikati ya Oktoba ni saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, na kufika katikati ya Novemba ni saa kumi na mbili kasoro. Ndani ya msitu wa misonobari giza linatangulia. Andika saa hiyo ya wikendi yako mahali utakapoiona.

Karatasi na ruhusa

Kadi ya ikamet, yaani kibali cha ukaazi, ichukue yenyewe, usichukue picha yake ya kwenye simu. Kila nyumba ya wageni Uturuki inalazimika kuandikisha wageni kwa mamlaka, na jandarma, askari wa usalama wa vijijini, husimamisha mabasi barabarani kukagua vitambulisho. Kama ikamet yako bado inashughulikiwa, beba pasipoti pamoja na karatasi ya maombi uliyopewa. Beba pia kitambulisho cha chuo, kwa sababu popote pa kulipa kiingilio au nauli unauliza kwanza: "Öğrenci indirimi var mı?" yaani, kuna punguzo la mwanafunzi? Punguzo la mwanafunzi halitangazwi kila mahali, lakini lipo sehemu nyingi.

Wanaoishi mabweni ya serikali ya KYK wana jambo la ziada. Kulala nje bila kuomba izin, yaani ruhusa, kunaandikwa, na ukirudia kunakuletea matatizo. Omba izin mapema na utaje usiku wote utakaokuwa nje, pamoja na usiku wa Jumapili kama utakuwa ndani ya basi. Hili la usiku wa Jumapili wengi hulisahau.

Watu wa kwenda nao

Wanne ndio idadi ninayoipenda. Mkiwa wanne chumba kinagawanyika vizuri, teksi ya kushuka kijijini mkikosa dolmuş, basi dogo la abiria, haiumizi, na mmoja akiteguka mguu mwingine anabaki naye huku wawili wakifuata msaada. Kwenye Likya Yolu usiende peke yako mara ya kwanza, hasa siku za katikati ya wiki au majira ya baridi ambapo unaweza kutembea nusu siku bila kukutana na mtu.

Kubalianeni mapema juu ya mwendo. Kundi linakwenda kwa mwendo wa aliye wa mwisho, na aliye wa mwisho haachwi hata kama anasema atafika tu. Ulizaneni pia kwa uwazi nani anajua kuogelea. Wengi wetu tumekulia mbali na maji, na hakuna aibu ndani yake, ila ni lazima ijulikane kabla ya kufika baharini.

Kufika Çıralı

Anayesoma Antalya kazi yake ni ndogo. Panda tramu ya Antray hadi Otogar, stendi kuu ya mabasi, kwa AntalyaKart yako. Pale tafuta upande wa mabasi madogo ya wilayani, yale ya Kumluca na Finike. Ndiyo yanayopita barabara kuu ya D400 juu ya Çıralı. Mwambie dereva au msaidizi wake tangu unapanda kwamba unashukia Çıralı kavşağı, makutano ya Çıralı, na umwite abi, kaka. Ukimkuta mwanamke kwenye dirisha la tiketi mwite abla, dada. Kwa adabu hiyo ndogo utasaidiwa hadi ushangae. Safari ni kama saa moja na nusu. Ukikaribia, sema kwa sauti: "İnecek var!" yaani, yupo anayeshuka. Usipoyasema hayo gari linapita.

Angalia hapa pasikuchanganye: kuna makutano mawili kwenye barabara hiyo, la Çıralı na la Olympos, na kila moja lina barabara yake ya kushuka. Mabonde hayo mawili yanakutana ufukweni, lakini kwa gari ni mzunguko mrefu. Shuka kwenye makutano ya kijiji ulichopanga kulala.

Kutoka makutano ya Çıralı hadi kijijini ni kama kilomita saba za kona na mteremko. Dolmuş husubiri pale na huondoka likijaa, sawasawa na daladala au matatu ya kwetu. Msimu wa watalii yapo mengi. Novemba au Machi unaweza kusubiri sana, na jioni yanaisha mapema. Kwa hiyo panga kufika makutano kabla jua halijazama, au mwombe mwenye nyumba ya wageni aje kukuchukua. Wengi hukubali ukiwaambia siku moja kabla. Kushuka kwa miguu gizani kwenye barabara ile isiyo na njia ya waenda kwa miguu, usifanye.

Anayetoka mbali anapanda basi la usiku Ijumaa. Ankara hadi Antalya ni kama saa nane, Konya saa tano, İzmir saba au nane, Isparta ni mbili tu. Kutoka İstanbul ni kama saa kumi na moja hadi kumi na mbili, na kwa wikendi ya siku mbili siishauri, labda iwe na sikukuu ya kuongezea siku. Kata tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, na ya kurudi iwe ya saa nne usiku Jumapili au baadaye. Dada anayesafiri peke yake asiwe na wasiwasi wa kiti: kampuni za mabasi za huku huwaweka wanawake karibu na wanawake, isipokuwa waliokata tiketi pamoja.

Pa kulala

Machaguo ni mawili, na yanatofautiana kwa tabia kuliko kwa umbali. Upande wa Olympos kuna vijumba vya mbao, ağaç ev, vilivyokuwa maarufu tangu zamani kwa vijana wenye mabegi mgongoni. Bei yake ni ya chini, na nyingi hujumlisha chakula cha jioni na cha asubuhi, jambo linalomwokoa mwanafunzi. Kelele za muziki zipo, na wanaokunywa pombe wapo. Upande wa Çıralı kuna pansiyon, nyumba ndogo za wageni za familia, ndani ya mashamba ya michungwa na mikomamanga. Ni tulivu, ufukwe uko mlangoni, na asubuhi mama mwenye nyumba anakuandalia mezani zeituni, jibini, mayai, nyanya na jemu ya machungwa yake mwenyewe. Kwa kundi linalotaka kuamka mapema na kutembea, Çıralı ndiyo chaguo langu, na mwongozo huu unachukulia mmelala huko usiku wa Jumamosi, na wa Ijumaa pia kwa wanaotoka Antalya.

Piga simu au andika ujumbe kabla ya kwenda, taja kuwa ninyi ni wanafunzi, uliza kama bei ina kifungua kinywa. Beba pesa taslimu, kwa kuwa vijijini mashine za kadi na za kutolea pesa si za kutegemewa. Sitaji bei hapa kwa makusudi. Lira hubadilika thamani haraka na tarakimu yoyote nitakayoiandika itakupotosha. Cha kukumbuka ni kwamba nauli ya basi la mbali, chumba na chakula ndivyo vitakavyomaliza karibu bajeti yote, na kati ya hivyo chakula ndicho unachoweza kukipunguza: nunueni mkate, jibini, tende, karanga na matunda kwenye BİM, A101 au ŞOK mjini kabla ya kuondoka. Duka la kijijini ni ghali.

Begi

Begi la mgongoni moja, la ukubwa unaoweza kutembea nalo siku nzima, kwa sababu Jumapili utakwenda nalo hadi mwisho bila kurudi nyuma. Viatu ndiyo roho ya safari: njia ina mawe ya chokaa yenye makali na sindano za misonobari zinazoteleza, kwa hiyo vaa viatu vya kufunga vyenye soli ya kushika. Raba za kawaida zenye soli iliyolika zitakuangusha. Ongeza kandambili au viatu vya plastiki vya kuingilia majini, maana ufukwe wa Çıralı ni wa kokoto zaidi kuliko mchanga na unapata moto mchana.

Maji lita tatu kwa kila mtu kwa siku ya Jumapili. Usipunguze. Hakuna duka njiani na vijito vingi hukauka kufikia Septemba. Halafu tochi ya kichwani, pawabenki, kofia, koti jepesi la mvua, plasta za malengelenge, bandeji, na dawa zako. Ramani ya njia ipakue kwenye simu iweze kufunguka bila mtandao, kwani ndani ya mabonde mawimbi ya simu hupotea. Dada wanaovaa hijabu na wanataka kuogelea, vazi la kuogelea la stara linauzwa kwa jina la haşema na utaliona kwenye fukwe zote za huku.

Jumamosi: magofu, bahari, na mlima unaowaka

Siku hii ni ya kuzunguka karibu, miguu izoee. Wanaotoka mbali watafika Çıralı karibu saa nne au tano asubuhi, waache mabegi pansiyon na waanze.

Tembea kwenye ufukwe kuelekea kusini hadi unapoishia kwenye mto mdogo. Hapo ndipo lango la Olympos la upande wa bahari. Kiingilio cha mgeni ni cha kuumiza, kwa hiyo kabla ya kulipa onyesha ikamet na kitambulisho cha chuo na uulize kuhusu MüzeKart, kadi ya kuingilia makumbusho na magofu. Olympos ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya umoja wa miji ya Likya, nchi ya kale ya pwani hii. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo ulishikwa na mharamia Zeniketes, hadi Warumi walipomng'oa. Magofu yamefunikwa na miti pande zote mbili za mto, na ndiyo yanayonipendeza kuliko magofu mengi yaliyosafishwa: unatembea kwenye kivuli, unakutana na mlango mrefu wa hekalu umesimama peke yake msituni. Karibu na mdomo wa mto kuna jeneza la mawe la nahodha Eudemos, limechongwa picha ya meli yake. Kwa watu wa pwani yetu, waliokua wakiona majahazi, jiwe hilo lina maneno ya kuwaambia. Tengeni saa mbili kwa ajili ya magofu. Wenye nguvu za ziada wanaweza kufuata alama za Likya Yolu upande wa kusini, zinazopanda mlima Musa kuelekea Adrasan, wakaenda saa moja na kurudi. Huko ndiko mahali pazuri pa kujifunza kusoma alama kabla ya Jumapili.

Mchana ni wa bahari. Kina kinashuka haraka hatua chache tu kutoka ukingoni, na mara nyingi hakuna mlinzi wa waogeleaji. Asiyejua kuogelea abaki maji yasiyopita kiuno, na mmoja wenu awe nchi kavu akitazama.

Ufukwe huu una wenyeji waliotutangulia. Kasa aina ya duvi hupanda hapa kutaga mayai kuanzia Mei, na watoto huanguliwa katikati ya kiangazi hadi karibu Oktoba. Ukiona vizimba vidogo vya waya kwenye mchanga, hapo chini kuna mayai. Usikae juu yake wala kuchomeka mwavuli karibu. Usiku msiwashe tochi wala moto ufukweni na msipige hema. Mtoto wa kasa huelekea kwenye mwanga wa bahari, na mwanga wa simu yako unatosha kumpoteza hadi aliwe au jua limmalize. Watu wa Watamu na Mafia wanaolinda kasa wa kwetu watakuelewa mara moja. Nasi tukiwa ugenini tuwatendee wa huku vivyo hivyo.

Jioni ndiyo Yanartaş, jiwe liwakalo. Lango lake liko kilomita tatu hivi kaskazini mwa kijiji, mnaweza kutembea au kuchukua gari la pansiyon. Kutoka langoni kuna ngazi za mawe za kupanda, kama kilomita moja, dakika 20 hadi 30. Juu, kwenye mteremko mtupu usio na mti, ndimi za moto hutoka kwenye nyufa za mwamba. Ni gesi, hasa methani, inayotengenezwa chini ya ardhi na kuvuja bila kukoma, na imewaka hivyo kwa maelfu ya miaka. Ukiuzima mwali mmoja ukausogezea kiberiti unawaka tena. Watu wa kale waliuhusisha moto huu na Chimaera, mnyama wa kutema moto wa hadithi za Kigiriki, na chini ya miali kuna mabaki ya hekalu la Hephaestus, mungu wa uhunzi wa Wagiriki. Pandeni kabla ya giza na mteremke kwa tochi. Waturuki hubeba birika na kuchemsha chai pale juu. Nanyi bebeni, ila taka zote zirudi nanyi chini.

Kabla ya kulala, malizeni hesabu na pansiyon na mwombe kifungua kinywa cha kufungiwa. Kwa kawaida meza huandaliwa saa mbili na nusu au saa tatu, na kwa safari ya kesho huko ni kuchelewa. Mwambieni pia mwenye nyumba njia mnayopita na saa mnayotarajia kufika Tekirova, na mmwachie namba moja ya simu.

Jumapili: Çıralı hadi Tekirova kwa miguu

Hii ndiyo siku yenyewe. Njia inaanzia mwisho wa kaskazini wa ufukwe wa Çıralı na inafuata pwani hadi mji mdogo wa Tekirova. Ni kati ya kilomita 16 na 18, na kwa kupanda, kushuka, kupumzika na kuogelea, hesabuni saa saba au nane. Ukianza saa moja na nusu asubuhi unafika karibu saa tisa alasiri, na hata mkichelewa saa mbili bado mna mwanga wa Oktoba. Novemba mwanga wa ziada ni mdogo, kwa hiyo anzeni mara tu kunapopambazuka.

Alama ni mistari miwili, mwekundu na mweupe, imepakwa kwenye mawe na miti. Mstari uliopinda unaonyesha kona. Alama ya mkato wa msalaba maana yake njia hiyo siyo. Mahali pengine utakuta vichuguu vya mawe vilivyopangwa na watembeaji. Kanuni inayookoa ni hii: mkitembea dakika tano bila kuona alama, simameni, rudini hadi ile ya mwisho mliyoiona, tafuteni upya. Msiendelee kwa matumaini. Karibu wote wanaopotea kwenye njia hii walipuuza dakika hizo tano.

Njia inapanda kwenye msitu wa misonobari huku bahari ikiwa kulia kwenu, kisha inashuka kwenye ghuba moja ndogo, inapanda tena, inashuka kwenye nyingine. Ndiyo hali yake siku nzima. Ghuba iitwayo Maden, palipokuwa na machimbo zamani, ni mahali pazuri pa kula na kuogelea. Ingieni majini kabla ya kula, kaeni nusu saa, vaeni soksi kavu, endeleeni.

Hapa wekeni kikomo. Ikifika saa sita mchana na bado hamjafika Maden, au mmoja ameanza kuchechemea, geuzeni mrudi Çıralı na mchukue dolmuş la kupanda barabara kuu. Hakuna mliyeshindana naye. Nusu ya njia hii ina uzuri wote wa njia nzima.

Mbwa wa wachungaji wa mbuzi ni wakubwa na wana sauti, lakini kazi yao ni mifugo. Wakibweka simameni pamoja, msikimbie, ongeeni kwa utulivu na mzunguke kundi la mbuzi kwa mbali. Tazameni mnapokanyaga kwenye mawe yenye jua, nyoka hupenda kujianika hapo. Jioni kagueni miguu kama kuna kupe. Sigara na moto wa aina yoyote msituni, hapana kabisa. Likitokea la kutokea, namba ni 112 kwa gari la wagonjwa, zimamoto na jandarma. Semeni jina la ghuba ya mwisho mliyopita na mtume mahali mlipo kutoka kwenye ramani ya simu.

Kwa asiyetaka mwendo mrefu, kuna Phaselis, mji mwingine wa kale kaskazini mwa Tekirova. Walowezi kutoka kisiwa cha Rodos waliuanzisha katika karne ya saba kabla ya Kristo, na Aleksanda Mkuu alikaa hapo majira ya baridi ya mwaka 334 kuamkia 333 kabla ya Kristo. Una bandari tatu ndogo, na unaogelea kati ya kuta zake kwenye kivuli cha misonobari. Basi lolote la D400 linakushusha njia panda, kisha unatembea kidogo. Kundi linaweza hata kugawanyika, wengine watembee, wengine waende Phaselis, wakutane Tekirova.

Kurudi

Tekirova ina dolmuş za Kemer na Antalya, na zinapita mara kwa mara hadi jioni. Oga maji ya bomba ufukweni, badilisha nguo, kula gözleme, mkate mwembamba wenye kujazwa, na ayran, kinywaji cha mtindi, kisha panda. Hadi Antalya ni kama saa moja na nusu, na jioni ya Jumapili foleni ya magari yanayorudi kutoka Kemer huongeza muda, kwa hiyo mwenye basi la saa nne usiku asiondoke Tekirova baada ya saa kumi na mbili jioni. Kwenye Otogar kuna pa kuchajia simu, pa kusalia na pa kula supu ya dengu kwa bei ya mwanafunzi.

Mkipata wikendi ya siku tatu, anzeni Olympos badala ya Çıralı mwelekee kusini: siku moja kuvuka mlima Musa hadi ghuba ya Adrasan, siku ya pili hadi mnara wa taa wa Gelidonya uliojengwa 1936. Kwenye maji ya rasi hiyo ndiko mwaka 1960 wanaakiolojia walipochimba meli iliyozama miaka 3,200 hivi iliyopita ikiwa na shehena ya shaba. Hiyo ni njia ngumu zaidi, ina maji kidogo zaidi, na usafiri wa kutoka Karaöz ni wa kupanga na mwenye gari kabla. Nendeni mkishaimaliza hii ya Çıralı.